Je, wajua kwa nini tarakimu za kijani za deki ya zamani zinasumbua zaidi kuzimwa kuliko kuwashwa?

Zile tarakimu za kijani-bluu za deki za video na redio za kaseti hazikuwa taa za LED. Ni valvu, yaani mrija wa kioo uliotolewa hewa yote, teknolojia iliyoanza kushika kasi Japani miaka ya 1960. Leo wapo mafundi wanaozigeuza saa za mezani, hasa mrija wa Kisovieti uitwao IV-18, wenye nafasi nane za tarakimu na ya tisa ya alama. Lakini ukiunga mrija huo moja kwa moja kwenye maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) kama ESP32, hauwaki.

Ndani yake mna nyuzi nyembamba za tungsteni ambazo zikipata moto hutoa elektroni. Mbele ya kila tarakimu pana gridi, yaani wavu mdogo, na nyuma ya wavu kuna anodi: vile vipande vinavyounda tarakimu, vilivyopakwa oksidi ya zinki. Elektroni zikikigonga kipande kwa kasi, kinang'aa. Kasi hiyo ndiyo inayodai volti. IV-18 hutaka kama 50, na pini ya ESP32 hutoa 3.3 tu.

Hilo lina dawa. Unaweka saketi ya kupandisha volti, kisha chipu kama MAX6921, inayohimili hadi volti 76 na kusikiliza amri za volti 3.3. Ina matundu 20 ya kutolea umeme; IV-18 inahitaji 17, yaani gridi 9 pamoja na vipande 8 ambavyo tarakimu zote huvitumia kwa zamu. Kila nafasi ikiwaka milisekunde moja, mzunguko mzima hurudiwa mara 111 kwa sekunde, na jicho halishtuki.

Wengi hufurahi hapo, halafu wanaona kivuli cha tarakimu ambazo wameziamuru zizime. Sababu ni kwamba elektroni zinatoka kwenye waya wa moto, yaani zile nyuzi za tungsteni, zikiwa tayari na mwendo kidogo. Gridi ikiwa volti sifuri sawa na waya, baadhi hupenya tu. Ili izibe kabisa, gridi lazima iwe hasi kwa volti chache kuliko waya. Ujanja ni kutoihangaisha gridi: unauinua waya wenyewe juu ya sifuri kwa diodi ya zena, kijenzi kinachoshikilia volti kwenye kiwango fulani, na gridi iliyozimwa inajikuta iko chini yake.

Waya nao una vituko vyake. Ukiupa volti 5 za umeme wa mkondo mmoja (DC), ncha moja iko sifuri na nyingine iko 5, kwa hiyo tarakimu za upande mmoja hung'aa kuliko za upande wa pili. Ndiyo maana waundaji makini huupelekea umeme wa kwenda na kurudi (AC), maelfu ya mara kwa sekunde, ncha zikapata wastani sawa. Na waya usiwake: ukiuona umekuwa wa rangi ya chungwa, punguza volti haraka.

Kivuli kikibaki hata baada ya yote hayo, tazama programu. Kabla ya kuhamia tarakimu inayofuata, zima kila kitu kwa kitambo kifupi sana, kwani gridi iliyopita haikatiki papo hapo.