Kabla ya kutafuta wazo, fungua albamu ya nyumbani

Kila muhula naandika maneno matatu ubaoni, "Watu na Nyumbani", nawapa wanafunzi wangu wa upigaji picha wiki mbili. Na kila muhula naletewa picha zilezile. Mzee mwenye makunyanzi, uso umejaa fremu nzima, rangi imetolewa ili aonekane mzee zaidi. Mikono imeshika kikombe. Mtoto anachungulia dirishani. Nikiuliza, "Huyu mzee ni nani kwako?" najibiwa, "Nilimkuta njiani, Ticha." Yaani picha ya nyumbani imepigwa barabarani, ya mtu ambaye hata jina lake halikuulizwa.

Siwalaumu sana. Usiku wameperuzi simu wakitafuta wazo, wameona maelfu ya picha nzuri za nyumba za watu wa mbali, asubuhi wakaingia mitaa ya Kampala kuzisaka nyumba hizo. Wazipatie wapi?

Kwa hiyo siku hizi somo la kwanza hatushiki kamera. Tunashika neno.

Kiswahili kinatupa maneno matatu. Nyumba ni kuta na mabati. Nyumbani ni pale unaporudi jioni. Halafu kuna kwetu, na hapo ndipo darasa linapoanza kubishana. Mwanafunzi anayelala Namuwongo, mtaa wa hapa Kampala, tangu azaliwe, ukimwuliza kwao ni wapi, atakutajia kijiji cha Busoga au Arua anakokwenda Krismasi na kwenye mazishi tu. Babu zake wamezikwa kule, basi kule ndiko kwao. Nyumba iko mahali, nyumbani pengine, kwetu kwingine kabisa. Ukichagua moja kati ya hayo matatu, tayari umepata nusu ya mradi, kwa sababu unajua utapanda taksi ya kwenda wapi.

Na hapa Uganda tuna neno la nne, ambalo Mswahili wa Mombasa akilisikia atacheka: muzigo. Ndicho chumba kimoja cha kupanga, kitanda upande huu wa pazia, sigiri ya mkaa na jerikeni upande ule. Waganda hawakukusudia utani, lakini mtu wa Kiswahili hawezi kulisikia neno hilo bila kuona mtu amejitwika nyumba yake kichwani. Mwanafunzi mmoja alilishika hilo likamtosha muhula mzima. Alipiga picha siku za kuhama tu: godoro juu ya bodaboda, sufuria ndani ya beseni, televisheni imefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Hakupiga nyumba hata moja, na bado sijaona mradi uliosema habari za nyumba kuuzidi ule.

Zoezi la pili ndilo ninalolitegemea zaidi. Nendeni nyumbani, nawaambia, mfungue albamu. Kama hakuna albamu, tazameni ukutani, pale juu karibu na dari ambako picha za mahafali huning'inizwa zikiinama kidogo mbele, kama zinawachungulia wageni. Msiangalie waliomo. Andikeni wasiokuwamo.

Orodha zinazorudi huwa zinafanana, lakini kila moja ina mwiba wake. Mama yumo, ila ni mama wa harusini, aliyevaa gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda, na kusimama wima. Mama anayepuliza moto wa sigiri hayumo. Baba yumo siku aliyonunua pikipiki, hayumo siku alizokaa bila kazi. Dada wa kazi aliyewalea watoto watatu anaonekana kiwiko tu, kwa bahati mbaya, pembeni ya keki. Jikoni hapamo. Choo hakimo, bila shaka. Na kuna miaka mizima isiyo na picha hata moja. Ukiuliza kwa nini, mtu mzima wa nyumba ananyamaza kwanza kabla ya kujibu. Kimya kile ndicho mradi.

Nilijifunza hili kwetu mwenyewe. Nimekulia Walukuba, Jinja, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi, zama ambazo mji ulikuwa ukijaa viwanda baada ya bwawa la umeme la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954. Watu walitoka kila kona, ndiyo maana tulikua tukiongea Kiswahili uwanjani hata pale kilipodharauliwa kuwa lugha ya wanajeshi. Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Nina picha zake nne, zote za studio, zote mbele ya pazia lililochorwa ziwa na ndege ya abiria. Leo naweza kukuchorea ile ndege, mpaka madirisha yake. Ukuta wa sebule yetu ulikuwa rangi gani, sikumbuki. Hakuna aliyeona sababu ya kuupiga picha. Ulikuwepo kila siku.

Linganisha na mpiga picha Seydou Keïta kule Bamako, Mali. Alipoanza kupiga watu picha uani kwake, pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake mwenyewe, lenye matamvua. Watu wa mji wakaja na saa zao, redio zao na nguo zao bora, wakapigwa mbele ya shuka la mtu. Leo zile picha zinatundikwa kwenye makumbusho ya dunia, na shuka limo. Siwaambii wanafunzi wamwige. Nawaambia watazame mapazia ya nyumba zao wakijua kwamba shuka nalo ni habari.

Mambo haya ya waliokosekana hayaishii kwenye albamu za familia. Mwaka 2015 yalipatikana katika shirika letu la utangazaji, UBC, makasha ya negativu, yaani filamu za picha zilizopigwa, takribani 70,000, nyingi zikiwa za miaka ya Idi Amin, na mwaka 2019 baadhi yake zikaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho la taifa, Kampala. Nilikwenda na darasa. Ukutani kulikuwa na hotuba, gwaride, wageni wa heshima, michezo. Wapiga picha wa serikali walikuwa mafundi hodari, tusiwapunje. Lakini waliotekwa na kuuawa hawamo, maana hakuna aliyetumwa kuwapiga. Mwanafunzi mmoja alisimama muda mrefu, kisha akasema polepole, "Ni kama albamu ya harusi ya nchi." Sijaweza kulisema vizuri kuliko yeye.

Mfano mwingine uko Gulu, nao ni wa kuchekesha mpaka uutafakari. Kuna studio ya zamani mjini pale ambako watu walikwenda kutafuta picha ndogo ya kitambulisho. Mashine ya pasipoti ilitoa picha nne kwa mpigo, na mtu mwenye fomu moja alihitaji moja tu. Basi studio ikawa inapiga picha ya kawaida ya mtu ameketi, kisha inakata uso kwa kikatio na kumkabidhi mwenyewe. Kilichobaki, mwili usio na uso, kiliingia kwenye takataka. Mpiga picha Mwitaliano Martina Bacigalupo alipoviona vile vipande akavikusanya kwa mamia. Katika picha zile uso ni tundu jeupe la mraba, lakini unaona mikono iliyotulia mapajani, nguo zilizochaguliwa kwa siku ile, mtoto aliyepakatwa. Nawaonyesha wanafunzi wanaoamini kwamba picha ya mtu ni uso wake. Wanakaa kimya, halafu wanaanza kuhesabu vitu wanavyovijua kuhusu mtu asiye na uso.

Sasa mwanga, maana wazo bila mwanga ni hadithi tu. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na jua letu halizungukizunguki: linachomoza karibu saa moja asubuhi, linapanda moja kwa moja, na ikifika saa tatu tayari liko juu kiasi cha kutia vivuli machoni. Jioni ni vilevile, giza linashuka ghafla. Ule mwanga wa dhahabu mrefu unaosomwa kwenye mafunzo ya Ulaya, huku ni wa muda mfupi. Ukisimama kufunga kamba za viatu umepita. Basi msiufukuze. Tumieni mlango.

Chumba cha muzigo mara nyingi kina mlango mmoja na kidirisha kidogo. Mlango ukiachwa wazi saa sita mchana, jua linapiga sakafu ya nje, linaruka, linaingia ndani likiwa laini. Mweke mtu hatua mbili ndani ya kizingiti, uso ukielekea nje, wewe ukae pembeni usizibe. Utapata mwanga ambao watu hununua taa kuutafuta. Kama ukuta wa ndani ni wa kijani cha giza, tundika shuka jeupe upande wa kivuli, nje ya fremu, lirudishe mwanga shavuni.

Kisha angalia kamera inavyokudanganya. Kamera, hata ya simu, hukadiria mwanga kana kwamba dunia yote ni rangi ya kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, ukuta unaizidi nguvu kamera, inapunguza mwanga, na uso wa mama yako unageuka kivuli chenye meno. Gusa uso kwenye kioo cha simu ili ipime pale, kisha ongeza mwanga kwa kidole mpaka uone ngozi yenyewe. Ukuta ukiungua kidogo, na uungue. Kinyume chake, ndani ya chumba cha giza simu itataka kumpausha. Punguza. Ngozi zetu zina rangi nyingi, kuna nyekundu, kuna bluu ya usiku, na zote hufa mtu anapong'arishwa na programu za urembo. Nikiona uso umelainishwa kama sahani, narudisha kazi bila kuisoma.

Kuhusu kamera gani, sina la kusema. Simu inatosha.

La ruhusa ni refu zaidi. Tuna sheria ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019, inayotaka mtu akubali kwanza, na kwa mtoto akubali mzazi au mlezi. Lakini sheria haikuandikia namna ya kuingia kwenye nyumba ya jirani. Mimi mwenyewe nilivuruga zamani, nikiwa nimeanza kazi. Mama mmoja aliniruhusu nimpige akipika. Nikapiga, nikafurahi, nikaiweka picha kwenye maonyesho madogo. Siku alipoiona hakugombana. Aliuliza tu kwa nini sikumwambia kwamba lile sufuria leusi litaonekana, angeleta lingine. Kumbe alikubali kupigwa yeye, mimi nikapiga umaskini wake. Tangu hapo nakaa kwanza, nanywa chai, naonyesha picha kwenye kioo palepale, na mwenye nyumba ana haki ya kusema futa. Wazee wanaombwa kwa heshima yao, jaja (babu au bibi) ni jaja, Hajati ni Hajati, na hakuna kumwelekeza mtu mzima kwa kidole kama mwanasesere. Na wanafunzi wa Jinja, tafadhali, bwawa na mitambo yake ni mahali pa ulinzi. Msiniite kituoni.

Wanaokwama kabisa huwa nawapeleka Jinja mjini, pale Main Street, wainue macho. Juu ya maduka ya zamani kuna majina ya Kihindi na miaka ya ujenzi iliyofinyangwa kwenye saruji. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na wengi waliojenga nyumba zile wakatoka na masanduku. Wengine wakaingia. Baadaye baadhi ya wenyewe wakarudi kudai. Mwanafunzi akisimama chini ya jina lililoandikwa 1920 na kitu, akamwuliza anayeishi ghorofani, "Hapa ni nyumbani kwako?" atapata jibu refu kuliko muhula.

Lakini mradi ninaoukumbuka zaidi ulitoka Bombo, mji ulio kaskazini ya Kampala, kwa msichana wa Kinubi, jamii ya Waislamu wa hapa Uganda. Albamu yao ilikuwa nene, harusi na Idi mwanzo mpaka mwisho. Katika orodha ya wasiokuwamo aliandika mstari mmoja: bibi akisuka. Kila alasiri bibi yake hukaa mkekani chini ya mwembe kusuka vifuniko vya chakula vya rangi, na majirani hupita, hukaa, huondoka. Familia ilimwambia hicho si kitu cha kupigwa picha. Akaweka simu mahali palepale, kila siku saa kumi, kwa siku 21. Bibi habadiliki. Mkeka haubadiliki. Wanaobadilika ni watu wanaokuja kuketi: shangazi mwenye habari za ndoa, mwanafunzi wa madrasa, muuza maziwa aliyeacha ndoo mbali kwa adabu, siku mbili hakuna mtu, siku moja mvua na mkeka umekunjwa. Kifuniko nacho kinakua, duara kwa duara, mpaka unakitumia kama kalenda.

Alizichapisha zote kwa ukubwa wa kadi, akampelekea bibi. Hajati alizipanga mkekani kwa mpangilio wa siku, akazihesabu, akarudia kuzihesabu, akamtazama mjukuu wake na kuuliza, "Na wewe uko wapi?"

Msichana akaegemeza simu kwenye kigoda, akaweka saa ya sekunde kumi, akakimbia. Katika hiyo picha ya 22 kinachoonekana wazi ni shina la mwembe badala ya nyuso, na kandambili moja imebaki njiani. Mimi niliikata alama. Bibi ameibandika kwenye albamu.