Aliwekewa mchepuko, hakuzibuliwa

Juzi kwenye daladala ya Uyole kwenda Mbalizi, mama mmoja alimsimulia jirani yake kwamba shemeji yake "kazibuliwa mshipa wa mkono". Akaonyesha na mishono ilipo: mmoja kwapani, mwingine juu kidogo ya kiwiko, wa tatu pajani. Nikashindwa kunyamaza. "Huyo shemeji yako, mama, hakuzibuliwa. Kawekewa mchepuko."

Konda akadakia: "Mchepuko? Si tuliambiwa tubaki njia kuu?" Gari zima likacheka, na shida yenyewe ndiyo hiyo. Kuchepuka ni kuiacha njia uliyokuwa nayo ukashika ya pembeni, basi. Lakini tangu mabango yatangaze kwamba michepuko si dili, neno limehamia chumbani, na mtu akitaka kueleza upasuaji anaona haya, anakimbilia "kuzibua", neno la fundi bomba.

Ateri ya mkono, yaani njia iletayo damu kutoka moyoni, ikiziba, mkono huuma ukifanya kazi, hupoa, na mapigo ya kifundoni hufifia. Daktari huunga njia nyingine, ncha moja juu ya kizuizi, ya pili chini yake, damu ikapita huko. Kizuizi hakiguswi. Ni kama lori lililolala mteremko wa Iwambi na magari yakapitia njia ya vumbi. Kuzibua ni kulivuta lile lori: kupitisha puto ndani ya ateri, au kuipasua na kuikwangua.

Na shono la paja? Hapo "mshipa" nao unatuponza, maana tumeubebesha kila kitu: ateri, vena, neva, hata ngiri, na asiye na haya tunasema hana mshipa wa aibu. Iliyoziba ni ateri, itokayo moyoni. Iliyotolewa pajani ni vena, irudiyo moyoni, na ndani yake mna vilango vinavyofunguka upande mmoja tu. Kwa hiyo kwa kawaida hugeuzwa juu chini kabla ya kushonwa, la sivyo vilango vitaifungia damu. Daktari mpasuaji Jean Kunlin alifanya hivyo Paris mwaka 1948, kwenye mguu. Kizuizi kikiwa karibu na shingo, mara nyingi huwekwa mrija wa kutengenezwa, paja likaachwa salama.

Mama akanigeukia. "Kwa hiyo ule uchafu bado umo?"

"Umo, mama. Ndiyo maana ana vidonge vya kila siku."

Akanyamaza mpaka Mwanjelwa, kisha akatoa simu. "Shemeji, vile vidonge ulisema umeacha lini?"