Tundu la kuzamisha bolti ni nini?

Kaa kwenye benchi la mbao lililoungwa kwa bolti. Suruali ikinasa kwenye chuma, ujue fundi hakuzamisha vichwa.

Tundu la kuzamisha ni matundu mawili yaliyopangana kwenye ubao mmoja. La juu ni pana na sakafu yake ni bapa. Humo hukaa kichwa cha bolti pamoja na washa, kile kipete bapa cha chuma. La chini ni jembamba, linapitisha mwili wa bolti hadi upande wa pili kwenye nati. Usilichanganye na lile la skrubu, ambalo mdomo wake umetanuka kama faneli. Washa inataka mahali tambarare. Ukiilaza kwenye mteremko itagusa ukingo tu, na ukizidi kukaza, ubao unapasuka.

Wengi hukosea kwenye upana. Bolti ya milimita 10 kwa kawaida hufunguliwa kwa spana namba 17, na washa yake ina upana wa milimita 20. Basi mtu anatoboa 20, washa inaingia vizuri, kisha spana ya boksi, ile inayovishwa juu ya kichwa cha bolti, inagoma kwa sababu nayo ina unene wake. Toboa 25 au zaidi kidogo. Bora uende na boksi yenyewe mkononi upime. Kina hakina shida: kichwa na washa havifiki milimita 9, kwa hiyo 10 zinatosha. Kwenye ubao wa inchi moja, hata hivyo, utabakiwa na milimita 15 tu, na mimi kwa msonobari nisingethubutu.

Tundu pana hutangulia, jembamba hufuata. Biti pana ya kutobolea ina ncha katikati inayojishikiza kwenye mbao. Ukishatoboa jembamba, ncha inaelea hewani. Niliwahi kusahau kwenye mguu wa meza ya mninga: biti iliruka, ikachora duara tatu zisizokutana, nami nikamwambia mwenye meza ni urembo. Dawa yake ni kugongomea kijiti chenye gundi kwenye lile tundu dogo, usubiri kikauke, uanze upya.

Ukitaka kuficha chuma kabisa, ziba kwa kizibo cha mbao ileile, nyuzi zikielekea upande mmoja na za ubao. Ila usikitie gundi mapema. Mbao mbichi hunywea ikikauka, bolti hulegea, na utahitaji kurudi na spana.