Kusi ikikutana na bamvua

Kusi imeshika. Juzi alfajiri nilitoka nje nikakuta makuti ya minazi ya jirani yote yamelalia upande mmoja, na tangu hapo simu yangu haikai kimya: "Bwana hali ya hewa, kesho upepo kiasi gani?" Swali hilo silipendi, ingawa kulijibu ndiyo kazi inayonilisha. Nami hurudisha maswali matatu: unatokea wapi, saa ngapi, na mwezi leo una siku ngapi tangu uandame? Wengine hudhani nimeanza kupiga ramli.

Upepo wenyewe hauna siri kubwa. Kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa mashariki na kusini wa Madagaska, hujijenga mgandamizo mkubwa wa hewa. India na Arabuni zikishapata joto la Mei na Juni, mgandamizo wa huko hushuka, na hewa inafuata. Inatufikia Unguja na Pemba ikitokea kusini-mashariki, inavuka ikweta, kisha inapinda kuelekea India. Majahazi ya Arabuni yaliyokuja kupakia boriti za mikoko yalirudi kwao kwa upepo huu huu, lakini si katikati yake. Waliondoka kusi ikianza, au walingoja demani, makali yakishapungua. Juni na Julai waliiachia bahari nafasi yake.

Manyunyu yasikutishe. Hewa ya kusi imetembea mwendo mrefu juu ya maji, kwa hiyo imebeba unyevu, ila juu yake, kama kilomita mbili hivi, kuna tabaka la hewa kavu yenye joto linalozuia mawingu yasipande. Yanabaki mafupi, yanamwaga dakika kumi, jua linarudi. Ndiyo mvua ya mchoo hiyo. Pwani ya mashariki hunyesha zaidi usiku na alfajiri, kwa sababu hewa ya baridi inayotoka nchi kavu hukutana na kusi mbele ya ufukwe na kuinyanyua. Ukianua nguo Makunduchi kwa kila wingu la namna hiyo, utaanua na kuanika kutwa nzima.

Upepo, basi. Mtu akisoma kwenye simu kilomita 20 kwa saa, kesho yake akaona 40, hudhani umezidi mara mbili tu. Kasi ndiyo imezidi mara mbili. Nguvu inayokisukuma chombo imezidi mara nne. Tena kusi haivumi sawasawa mchana kutwa. Asubuhi hulegea. Jua likishaipasha moto ardhi, upepo wa baharini hujiunga nayo, na pwani ya mashariki kati ya saa saba na saa kumi ndipo inapopiga kweli. Malindi na Shangani za mjini Unguja, upande wa pili wa kisiwa, unaweza kunywa kahawa bila kujua Paje kunaendelea nini.

Lakini wimbi halitengenezwi na upepo peke yake, na hapa ndipo ninapogombana na wenye programu za simu. Mkondo wa Unguja, kati ya kisiwa na bara, uko wazi ncha zote mbili. Maji yakijaa huingia kwa kaskazini na kwa kusini, yakakutana katikati. Yakipwa hutoka kwa milango yote miwili. Kwa hiyo upande wa Kizimkazi, kusini, maji yanayotoka ndiyo yanayoelekea kusini kukutana na upepo. Upande wa Nungwi, kaskazini, ni kinyume chake, yanayoingia ndiyo yanayopambana nao. Upepo na maji vikienda njia moja, wimbi hunyooka na kuwa refu. Vikikutana uso kwa uso, wimbi hufupika na kusimama wima, hata kama upepo haujaongezeka hata chembe.

Sasa weka mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hufika karibu mita nne, na siku hizo bahari hukauka kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri. Yaani Nungwi maji yanaingia kwa nguvu zote saa zile zile ambazo upepo umefika kileleni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni karibu mita moja tu, na saa zake ni nyingine kabisa. Kilomita 30 za maji mafu na kilomita 30 za bamvua ni bahari mbili tofauti.

Hili sikulisoma chuoni. Mwaka jana nilikuwa Nungwi saa nane mchana, nimekaa na nahodha mmoja mzee karibu na wanapounda mashua. Nikamwonyesha simu: kilomita 28 kwa saa. Hakuitazama. Akanyooshea kidole mashua iliyotia nanga mbele yetu.

"Mwanangu, omo inaangalia wapi?"

Omo, yaani mbele ya chombo, ilikuwa inaangalia kaskazini. Kwa upepo peke yake, chombo kilicho kwenye nanga hugeuzia upepo uso. Hiki kilikuwa kimeupa tezi, nyuma yake. Maji yalikuwa yakishuka kusini kwa nguvu kuliko upepo ulivyoweza kukisukuma. Kamba imekaza, chombo kinacheza hakitulii, na nje kidogo vilele vyeupe vinavunjika palepale vinapoinuka. Huko ngalawa huzamisha ndubi, mbao zake za ubavuni.

"Sasa tutoke saa ngapi, mzee?"

"Maji yakigeuka."

Mawimbi marefu yanayotoka kwenye dhoruba za mbali kusini ni habari nyingine, na si kubwa sana kwetu. Madagaska, yenye urefu wa kilomita kama 1,600, inatukinga na mengi ya hayo. Ndiyo maana wimbi kubwa la kuteleza kwa ubao liko kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, na anayekuja Paje huja na kaiti ya kuvutwa na upepo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, kumbuka mara nyingi inazungumzia pwani nzima kuanzia Tanga hadi Mtwara, pamoja na visiwa. Na urefu wa wimbi tunaoutabiri ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, kwa hiyo wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili ya hapo. Boti ya abiria MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu kama huu, bahari ikiwa imechafuka. Angalizo likitoka, lisome lote. (Wa boti ya Dar: kwenda ndiko kunakogonga, kurudi ndiko kunakotapisha, maana wimbi linakuja kwa nyuma na ubavuni.)

Kwa bamvua inayokuja, mwenye safari ya Nungwi au Mnemba atoke mapema, awe amerudi kabla ya saa sita. Wa Kizimkazi wanaotoka alfajiri kufuata pomboo ndio watakaokuta maji yakitoka kupambana na kusi mlangoni, wasubiri yatulie. Kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani hawana haja ya kusoma haya. Saa nne wameshainama kwenye kamba zao, bahari imekauka hadi mwambani, na maji yakiwafika magotini, wanakokota magunia kurudi juu.