Waranti ya maisha kwenye RAM za kasi: inakulinda wapi na inakuacha wapi

Huku Malindi wanaonunua RAM za kasi, vile vipande vya memori ambamo kompyuta inaweka kazi inayoifanya wakati huo, wengi ni vijana wa kuediti video za harusi na wale wa gemu, na wakiona kwenye boksi imeandikwa waranti ya maisha basi roho inatulia, wanajua hapa hata ikiharibika mwaka gani nabadilishiwa. Siku mashine inaanza kuzima katikati ya kazi wanarudi dukani wanaambiwa hiyo si shida ya RAM, ama hiyo haimo kwenye waranti, na ugomvi unaanzia hapo. Naieleza manake kuna watu wameacha haki yao ikapotea hivihivi na kuna wengine wanapigania kitu ambacho hawakuahidiwa.

Waranti ya maisha ni ahadi ya kampuni iliyotengeneza RAM, kwamba ikiharibika kwa kasoro ya kiwandani watakupa nyingine, na hakuna kikomo cha miaka mitatu au mitano kama vifaa vingine. Maisha yanayohesabiwa ni ya hiyo bidhaa sio yako, na kila kampuni ina masharti yake, zingine zinahesabu mpaka zitakapoacha kutengeneza aina hiyo, na nyingi zinamtambua mnunuzi wa kwanza peke yake, kwa hivyo RAM uliyouziwa na mtu mkononi hata iwe inang'aa vipi usiitegemee sana. Ukiivunja, ukiimwagia chai, uking'oa lile bati la kupozea, hapo umejitoa mwenyewe.

Sasa kwenye RAM za kasi kuna jambo kubwa kuliko hayo yote na wauzaji wengi hawalisemi. Ile kasi iliyoandikwa kubwa kwenye boksi sio kasi ya kawaida. Kasi za kawaida zinapangwa na JEDEC, ambao ndo wanaoweka viwango vya memori dunia nzima, na kwao DDR4, yaani kizazi cha nne cha memori hizi, inatumia volti 1.2 na kasi inafika 3200 (ni mara milioni ngapi inahamisha data kwa sekunde), DDR5 inayoifuata inatumia volti 1.1. Ukinunua DDR4 ya 3600 ukaichomeka bila kugusa kitu utaikuta inaenda 2133 au 2666 hivi, na haina ubovu wowote, inafuata kiwango. Ili ifike 3600 lazima uingie kwenye baiosi, ile programu inayoamsha kompyuta, uwashe XMP, ambayo ni profaili ya Intel, yaani mipangilio ya kasi iliyowekwa tayari, ilianza 2007 wakati wa DDR3, ama EXPO ya AMD iliyokuja 2022 na DDR5. Ukiiwasha volti zinapanda, DDR4 mara nyingi inatoka 1.2 kwenda 1.35, na ile sehemu inayoendesha memori, ambayo siku hizi imo ndani ya prosesa, ubongo wa kompyuta, inalazimishwa kukimbia kupita pale mtengenezaji wake alipoahidi.

Kwa hivyo kasi ya kwenye boksi inategemea vitu vitatu, RAM yenyewe, prosesa na mazabodi, ile bodi kubwa inayobeba vyote. RAM inaweza kuwa nzima kabisa na mashine bado ikagandaganda kwa sababu prosesa yako haiwezi. Na Intel na AMD wote wanahesabu kuwasha hizo profaili ni kuipandisha mashine kasi nje ya kiwango, Intel wanasema inaweza kukuvunjia waranti ya prosesa, AMD wanasema inavunja kabisa. Yaani umenunua kitu halali, umewasha kile ambacho boksi lenyewe limekuahidi, na papo hapo umetoka nje ya waranti ya kitu kingine. Mimi naona hii si haki kwa mnunuzi hata kidogo, inafaa iandikwe kwa herufi kubwa sawa na zile za kasi.

Dalili za memori mbovu nazo zinachanganya watu. Skrini ya buluu kila mtu anaijua, lakini kuna faili la zip linalokataa kufunguka na ulidaunilodi vizuri, kuna video inatoka na michirizi sehemu moja, ukiirenda tena, yaani kuitoa upya, michirizi imehamia kwengine. Mbaya zaidi ni ile ya kimyakimya, faili linaseviwa likiwa limeshaharibika na hujui mpaka mwenye harusi aje. Na usidanganyike na DDR5 kwa sababu ina kujirekebisha ndani ya chipu, ile inalinda data ikiwa imo ndani ya chipu tu, njiani kwenda kwa prosesa haikulindi.

Kabla hujadai kitu, pima. Weka MemTest86, programu ya kupima memori, kwenye fleshi, washa kompyuta kutoka kwa hiyo fleshi, iache usiku kucha. Asubuhi ukikuta mistari myekundu, hata kosa moja, kuna tatizo, memori nzima haitakiwi kukosea hata mara moja. Halafu zima XMP upime tena, kipande kimoja kimoja, kwenye sloti ileile. Kama makosa yanakifuata kipande kimoja kwenye kasi ya kawaida basi hicho ni kibovu na waranti ni yako bila mjadala. Kama makosa yanakuja XMP ikiwa imewashwa tu, hapo usikimbilie kulaumu RAM, apdeti baiosi, shusha kasi kidogo kama kutoka 6000 kwenda 5600, ijaribu kwa mashine nyingine. Wale wanaojaza sloti nne za DDR5 wajue prosesa zenyewe zinaahidi kasi ndogo vipande vikiwa vinne. Na seti mbili zinazofanana sio seti moja kubwa, hizi ni kama makubadhi, jozi imepimwa pamoja, ukichanganya na jozi nyingine hakuna aliyekuahidi zitaelewana.

Kwetu pwani kuna na hili la chumvi, Lamu hasa kwa wenye vyumba vilivyoelekea baharini. Meno ya RAM yamepakwa dhahabu lakini ni utando mwembamba sana, na sloti zinashika uchafu na unyevu, meno yasiposhika vizuri unapata makosa yaleyale ya memori mbovu. Zima, chomoa waya wa stima, gusa chuma cha kasha, toa RAM, futa meno kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisicho na nyuzi, rudisha mpaka ilie ta. Msasa hapana. Kutu haihesabiwi kasoro ya kiwanda kwa hivyo ni bora uiwahi.

Kutuma nako ni kazi. Kampuni nyingi zinataka seti nzima hata kama kilichoharibika ni kimoja, na kutoka Lamu mzigo unavuka kwa boti mpaka Mokowe ndo upande basi, kwa hivyo mwenye kazi za watu awe na kipande cha akiba hata cha kasi ndogo. Risiti za ile karatasi laini zinafutika na joto letu, ipige picha siku hiyohiyo pamoja na stika yenye siriali namba kabla hujafunga kasha. Na duka likikwambia sisi haituhusu ongea na kampuni, usikubali haraka, Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na iko Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, waranti ya kampuni haiji kufuta jukumu la aliyekuuzia.

Ukiwaandikia kampuni, taja modeli, siriali, prosesa, mazabodi na toleo la baiosi, weka picha ya ile mistari myekundu, halafu sema wazi kwamba makosa yalitokea XMP ikiwa imezimwa. Wataanza na hilo swali, na ukishalijibu mapema hawana pa kukuzungusha.