Goti limechubuka: uache likauke au ulifunike?

Nimeanguka na bodaboda, goti limechubuka na lina changarawe. Nianze na nini?
Nawa mikono kwanza. Kama damu inachuruzika, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Ukichungulia kila mara unavuruga damu inayoanza kuganda. Kisha mwagia maji safi mengi mpaka mchanga utoke. Changarawe zisipotolewa zinaweza kuacha alama nyeusi ndani ya ngozi.

Spiriti je? Au majivu na dawa ya meno?
Spiriti huua vijidudu, lakini huunguza pia chembe changa zinazojenga ngozi. Kule kuwasha kwake si dalili kwamba inaponya. Majivu na dawa ya meno ni kuongeza uchafu tu.

Lakini si tunaambiwa kidonda kipigwe upepo kikauke?
Tumeambiwa hivyo tangu utotoni, na sivyo. Mwaka 1962 mtafiti George Winter wa Uingereza alionyesha, kwa majeraha ya nguruwe, kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi haraka kuliko kilichoachwa wazi. Ngozi mpya hutambaa kutoka kingoni. Ikikuta gaga gumu hulazimika kuchimba njia chini yake. Kwa hiyo paka mafuta ya mgando safi, funika kwa shashi au plasta, ubadilishe kila siku au ikilowa. Na gaga usilibandue, hata likiwasha vipi.

Siku ya pili naona wekundu na majimaji ya njano. Ni usaha?
Majimaji mepesi na wekundu kidogo pembeni ni mwili unafanya kazi yake. Usaha ni mzito, na mara nyingi hunuka. Ukiwa na wasiwasi, chora mstari wa kalamu kuzunguka wekundu. Ukivuka mstari, nenda zahanati.

Mengine ya kunipeleka hospitali?
Damu isiyokoma, jeraha lililoachama, homa, au michirizi myekundu inayopanda mguuni. Mwenye kisukari akiumia unyayo asingoje maumivu, kwa sababu huenda asiyasikie. Msumari nao ukikuchoma, hata usio na kutu, ulizia chanjo ya pepopunda kama miaka 5 imepita tangu ya mwisho: vijidudu vyake hukaa udongoni. Ukiumwa na mbwa, osha kwa maji na sabuni dakika 15, uende siku hiyohiyo.