Ubongo wako unahitaji nini? Maswali kutoka Moshi na Arusha

Kila mtihani wa kidato cha nne unapokaribia, maswali kuhusu akili na kumbukumbu huongezeka huku kwetu. Wanafunzi wanataka mbinu, wazazi wanataka kujua chakula, wenye wazazi wazee wana hofu yao, na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wana lao. Nimekusanya hapa yanayoulizwa zaidi.

Ni kweli tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo?

Si kweli. Vipimo vinavyoonyesha ubongo ukiwa kazini vimethibitisha kwamba sehemu zake zote hutumika, nyingine hata ukiwa usingizini. Mtu akipata kiharusi, eneo dogo tu likifa linaweza kumnyang'anya maneno au nguvu za mkono. Ubongo wa mtu mzima una kilo 1.4 hivi, karibu asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Mwili usingeingia gharama hiyo kwa kiungo ambacho sehemu kubwa yake imelala. Anayekuuzia vidonge vya kuamsha "asilimia 90 iliyobaki" usimpe hela yako.

Mwanangu anapiga msuli hadi usiku wa manane, lakini kwenye chumba cha mtihani anasahau. Ana tatizo la akili?

Mara nyingi tatizo ni namna anavyosoma. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na tunapojifunza jambo, miunganisho kati ya baadhi ya seli hizo huimarika. Kumbukumbu mpya za matukio na maarifa hupitia kwanza hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto. Umuhimu wake ulijulikana kwa njia ya huzuni. Mwaka 1953 huko Marekani, kijana aitwaye Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi zake ikaondolewa. Tangu hapo hadi kufa kwake mwaka 2008, mtu akizungumza naye na kutoka chumbani, baada ya muda mfupi hakumkumbuka tena. Lakini ukimfundisha kazi ya mkono kwa siku kadhaa, mkono ulizoea, ingawa mwenyewe hakukumbuka kuwahi kufundishwa.

Sasa turudi kwa mwanao. Akisoma ukurasa uleule mara tano, macho yanauzoea, naye anaamini ameuelewa. Ila mtihani haumuulizi kama ameuona ukurasa. Unamtaka atoe jibu kichwani, na kazi hiyo ya kutoa hakuifanyia mazoezi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Wengine waliirudia habari kwa kuisoma tena, wengine waliifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi.

Kwa hiyo afunge daftari. Aandike kwenye karatasi tupu kila anachokikumbuka kuhusu mzunguko wa damu, kisha afungue aone alichokiacha. Arudie baada ya siku mbili, halafu wiki ijayo. Kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurundika masaa yote usiku mmoja.

Nawe mama, hata kama hukusoma sekondari, unaweza kumsaidia sana. Shika daftari, mwambie akueleze mada hiyo kwa Kiswahili, au kwa Kichagga kama ndicho mnachoongea nyumbani. Watoto wetu wengi wanakariri sentensi za Kiingereza neno kwa neno bila kujua zinasema nini. Akishindwa kukueleza, hapo ndipo pa kurudia.

Lakini bila kukesha atamaliza lini silabasi?

Usingizi ni sehemu ya kusoma. Tukilala, ubongo huyapitia tena yaliyojiri mchana na kuyaimarisha. Kijana wa sekondari anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Nasema wazi: ratiba ya bweni inayomlaza mtoto saa tano usiku na kumwamsha saa kumi alfajiri kwa ajili ya prepo inamharibia masomo yaleyale inayotaka kuyaokoa. Walimu, naomba mliangalie hili.

Kahawa yetu ya Kilimanjaro ni nzuri, ila inywewe asubuhi. Kwa mtu mzima, karibu nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini saa tano hivi baada ya kunywa.

Kuna chakula cha kuongeza akili?

Hakuna kimoja cha miujiza. Kwetu milimani, la kuzingatia zaidi ni chumvi yenye madini joto, kwa sababu mvua huyaosha madini hayo kutoka kwenye udongo wa miteremko. Mjamzito akiyakosa sana, ubongo wa mtoto tumboni haukui inavyotakiwa. Chumvi itunzwe kwenye chombo chenye mfuniko, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva.

Baba yangu ana miaka 74 na anapotea njia ya nyumbani. Si uzee tu?

Kusahau miwani ulipoiweka ni kawaida. Kupotea kwenye njia uliyoipita maisha yote si kawaida, wala si kulogwa. Mpeleke hospitali. Zipo sababu zinazotibika, kama sonona, tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, au upungufu wa vitamini B12. Na wewe uliye na miaka 40, pima presha na sukari, maana mishipa ya damu inayoharibika leo ndiyo inayolisha ubongo wako wa uzeeni.

Mimi ni mpagazi. Kwa nini mtu mzima mwenye nguvu huanza kupepesuka kule juu?

Kileleni Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakupa oksijeni karibu nusu ya ile unayoipata usawa wa bahari. Kichwa kuuma kidogo na kichefuchefu ni onyo: usipande zaidi mpaka viishe. Akianza kuyumba kama mlevi, kuongea ovyo au kusinzia isivyo kawaida, huenda ubongo wake unavimba, na hali hiyo huua. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku, akiwa na mtu wa kumshika. Asiachwe hemani eti apumzike hadi asubuhi. Kanuni hii ni kwa mpagazi sawasawa na mgeni aliyelipa, na kiongozi wa safari asikubali kuambiwa vinginevyo.